Aliyekaa Ubavuni Akaishika Kati



Ndugu wasomaji, mwezi wa Machi mwaka 1924, sawa na Shaabani mwaka 1342 A.H., watu wawili walikaa kwenye ubao wa sataranji katika mji wa New York, Marekani. Mmoja wao alikuwa bingwa wa dunia nzima, na ilikuwa imekwisha pita miaka minane hajashindwa hata mchezo mmoja katika mashindano. Wa pili alikuwa mchezaji mashuhuri, lakini hakuwa na taji lolote la dunia. Siku ile huyu wa pili alimwangusha bingwa. Tena alimwangusha kwa njia ambayo walimu wakubwa wa mchezo huo walikuwa wakiihesabu kuwa ni kinyume cha mafunzo. Habari hii yafaa isomwe na vijana wetu, na wazee wao pia, kwani ndani yake mna jambo linalohusu malezi ya nyumba zetu zaidi kuliko linavyohusu mbao na kete.

HUKUMU YAKE KWANZA

Kabla ya kuendelea, yatupasa tuiweke wazi hukumu ya mchezo wenyewe, asije mtu akasema kuwa gazeti la dini limehalalisha jambo bila ya kutaja mipaka yake. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Imamu Malik na Imamu Ahmad bin Hanbal waliukataza, na wanavyuoni wa Kihanafi nao wakaukemea. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, kauli iliyo mashuhuri, kama alivyoieleza Imamu Nawawi, ni kwamba sataranji ni makuruhu wala si haramu, maadamu hapana kamari ndani yake, wala haimpitishi mtu wakati wa sala, wala haimtii katika maneno machafu. Likiingia mojawapo katika hayo, mlango umefungwa.

Kwa hivyo kijana anayeweka fedha juu ya mchezo, au anayeikodolea macho simu yake hata alasiri ikampita, asijifiche nyuma ya jina la Imamu Shafii. Na mwenye kuuacha kabisa kwa kuogopa shaka amechagua njia ya salama, wala hapana wa kumlaumu. Sisi hapa hatumwiti mtu kucheza; twamwita azingatie.

ULIVYOTUFIKIA

Sataranji ilizaliwa Bara Hindi, ikaingia Uajemi, na Waislamu walipoifungua nchi hiyo katika karne ya kwanza ya Hijra wakaichukua wakaieneza mpaka Andalusia. Kwa njia hiyo na nyinginezo ikafika Ulaya. Waarabu waliziita kete zake shah, firzan yaani waziri, fil yaani ndovu, faras, rukh, na baidaq, yaani askari wa miguu. Kiswahili chetu kimelihifadhi jina la shaha, na wale askari wadogo tukawaita vitunda. Wazungu walimgeuza waziri akawa malkia, na Waingereza wakamfanya ndovu kuwa askofu. Sisi katika makala hii tutashika majina ya wazee: shaha, waziri, fili, farasi, ngome na vitunda.

Mabingwa wa Kiislamu walikuwapo tangu zamani. Imepokewa kwamba Said bin Jubair, yule tabii mkubwa aliyeuawa na Hajjaj mwaka 95 A.H., alikuwa akicheza ilhali ameupa ubao mgongo, kete zote zimo kichwani mwake. Na katika zama za Khalifa al-Muktafi wa Baghdad, aliyetawala tangu mwaka 289 hata 295 A.H., alikuwapo mchezaji mmoja aitwaye al-Mawardi (siye yule mwanachuoni mkubwa mwenye jina hilo), naye alikuwa kipenzi cha Khalifa. Akaletwa Abu Bakr as-Suli ashindane naye. Khalifa alikaa upande wa kipenzi chake waziwazi. Lakini as-Suli akamshinda ushindi usio na ubishi, hata Khalifa mwenyewe akageuka.

Huyu as-Suli aliandika kitabu juu ya sataranji, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni namna ya kuzipanga kete mwanzoni, kabla majeshi hayajagusana. Mipango hiyo Waarabu waliiita taabia, nalo ni neno la vita lenye maana ya kuliweka jeshi katika safu zake. Msomaji na alishike neno hili, maana habari yetu yote imo ndani yake.

WATU WAWILI

Bingwa tuliyemtaja ni José Raúl Capablanca, aliyezaliwa Havana, nchi ya Cuba, mwaka 1888. Aliupata ubingwa mwaka 1921 kwa kumshinda Mjerumani Emanuel Lasker, aliyekuwa ameushika kwa miaka 27. Na katika michezo 14 waliyocheza wawili hao, Capablanca hakushindwa hata mmoja. Mara ya mwisho kushindwa ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 1916, hapo hapo New York. Tokea siku ile alicheza michezo 63 ya mashindano akishinda au akienda sare. Kwa hivyo hapana ajabu kuwa watu walianza kumdhania kwamba hashindiki.

Mwenziwe ni Richard Réti, aliyezaliwa mwaka 1889 katika mji wa Pezinok, ambao siku zile ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungary na leo umo katika nchi ya Slovakia. Réti alikuwa mchezaji na mwandishi pia, mtu wa kufikiri na kuyaeleza anayoyafikiri. Mwaka 1925, katika mji wa São Paulo nchini Brazil, alicheza na watu 29 kwa wakati mmoja bila ya kuzitazama mbao zao. Akawashinda 21, akaenda sare na 6, wakamshinda 2. Alifanya kwa mbao 29 jambo lile lile tulilolitaja kwa Said bin Jubair.

Mashindano ya New York yalifanyika katika Hoteli ya Alamac. Wachezaji walikuwa 11, na kila mmoja alikutana na kila mwenziwe mara mbili. Capablanca na Réti walikutana katika duru ya tano, na Réti ndiye aliyekuwa na kete nyeupe.

KANUNI YA KATI

Ubao wa sataranji una nyumba 64. Ili tuweze kufuatana, tuzitaje kwa namna inayotumiwa duniani: kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe huhesabiwa a, b, c mpaka h, na kutoka kwake kwenda mbele huhesabiwa 1 mpaka 8. Nyumba nne za katikati kabisa ni d4, e4, d5 na e5.

Walimu wa zamani walisisitiza kwamba mwenye kuzikalia nyumba hizo nne ndiye mwenye vita. Wala hawakusema hivyo bure. Farasi akisimama katikati aweza kuruka kwenda nyumba 8. Akisimama pembeni kabisa, katika kona, ana nyumba 2 tu. Basi mwalimu mashuhuri wa Kijerumani, Siegbert Tarrasch, na wengi walioshika njia yake, walimfundisha mwanafunzi avipeleke vitunda vyake kati mapema, avisimamishe huko, kisha azitoe kete kubwa nyuma yake.

Réti na wenziwe, kama Aron Nimzowitsch na Gyula Breyer, hawakuikana thamani ya kati. Waliuliza swali moja tu: Je, ni lazima mtu akae mahali ndipo aweze kupashika? Kitunda kikenda mbele hakirudi nyuma. Kikiwahi kufika kati, nacho huwa shabaha ya adui, na mwenyewe hulazimika kuziweka kete zake nzuri zikilinde. Wao wakaona ni heri kumweka fili ubavuni, nyuma ya kitunda kilichosogea hatua moja, atazame kwa mshazari mrefu unaopita katikati ya ubao mpaka upande wa pili. Kutoka pale huiona kati yote, naye haonekani kuwa ameidai. Huo ndio unaoitwa ufunguzi wa ubavuni. Na ule unaoanza na farasi wa f3 na kitunda cha c4 hata leo huitwa kwa jina la Réti.

Mawazo haya yasingewezekana zama za as-Suli. Fili wa wakati ule aliruka nyumba ya pili tu kwa mshazari, na katika nyumba zote 64 alikuwa na nyumba 8 tu za kufikia katika maisha yake. Ni mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ndipo fili na waziri walipopewa nguvu za kwenda mbali.

HATUA ZA MCHEZO

Réti alianza kwa farasi kwenda f3. Hatua ya pili alisogeza kitunda mpaka c4. Ya tatu, kitunda kingine mpaka b4. Msomaji atazame: hapana hata kimoja katika hivyo kilichokwenda kwenye nyumba nne za kati. Hatua ya nne alimweka fili katika b2, na ya sita fili wa pili katika g2, kila mmoja ubavuni mwake. Hatua ya saba akamweka shaha wake salama kando ya ngome. Hatua ya nane kitunda cha d kilijongea hatua moja tu, kikatulia d3. Ni kama mtu aliyeingia barazani akakaa mwisho wa mkeka, watu wakamwachia mahali pake kwa kuwa hakugombea cha mtu.

Capablanca naye alipanga mafili yake ubavuni, lakini kati ilikuwa wazi, naye akaichukua. Hatua ya tisa kitunda chake kikasimama e5, na hatua ya kumi na tatu kingine kikafika c5. Mtu angeitazama mbao saa ile angesema kuwa mweusi ndiye mwenye nchi, na mweupe ni mgeni aliyekaa mipakani.

Hatua ya kumi na tano Réti akasogeza kitunda chake mpaka e3. Hatua ya kumi na sita ndipo alipogonga mlango: kitunda kutoka d3 mpaka d4, katikati penyewe. Aliingoja hatua hiyo mpaka kila kete yake ilipokuwa mahali pake. Vitunda vikalana, njia zikafunguka, na zilipofunguka, zilifunguka mbele ya mafili na mangome yaliyokuwa yakizingoja.

Hatua ya ishirini waziri wa Capablanca alikila kitunda cha c4. Kwa hesabu ya kete, bingwa alikuwa mbele kwa kitunda kimoja. Lakini kitunda chake mwenyewe cha d6 kilibaki peke yake, kimeachwa uwanjani. Réti hakukirukia. Kwanza fili wake, aliyekuwa amekaa b2 tangu hatua ya nne na saa ile amekwisha kufika d4, aliukata ubao akamla fili mweusi wa g7, mlinzi wa shaha. Shaha mweusi akalazimika kutoka kumla yeye. Kisha waziri mweupe akaja akakaa b2, nyumba ile ile aliyoihama fili, akamtishia shaha kutoka huko mbali. Shaha aliporudi mahali pake, ndipo ngome nyeupe ilipokila kitunda cha d6, na ngome ya pili ikasimama nyuma yake.

Kutoka hapo waziri wa bingwa hakupata raha. Alikimbia kutoka c5 kwenda h5, akarudi e5, akarudi tena c5, na farasi weupe wanaingia kati wakizifunga njia moja moja. Hatua ya thelathini na moja Réti akasogeza ngome yake mpaka d5. Waziri mweusi akawa ametishwa, wala hakuwa na nyumba hata moja salama ya kukimbilia. Capablanca akakubali kuwa ameshindwa.

KETE SAWASAWA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotutia hamu ya kuandika. Mtu akizihesabu kete zilizobaki ubaoni saa ile Capablanca aliposalimu amri, ataona hivi. Mweupe ana shaha, waziri, ngome mbili, farasi wawili na vitunda vitano. Mweusi ana shaha, waziri, ngome mbili, farasi wawili na vitunda vitano. Ni sawasawa kabisa, hapana aliyemzidi mwenziwe hata kwa kitunda kimoja.

Bingwa wa dunia hakunyang'anywa mali yake. Alicho nacho mwenziwe, naye alikuwa nacho. Kilichotofautiana ni taabia: nani amekaa wapi, na nani anamtazama nani. Na ukiutazama ubao huo wa mwisho utaona kuwa waziri mweupe bado amekaa b2, ubavuni, mbali na ghasia. Lakini jicho lake limepita kwa mshazari mpaka e5, akimkazia macho farasi mweusi aliyesimama huko.

Mashindano yale yalikwisha mwezi wa Aprili, na aliyeibuka wa kwanza ni mzee Lasker, mwenye umri wa miaka 55, kwa pointi 16 katika michezo 20. Capablanca hakuvunjika moyo kwa kushindwa kule; hakushindwa tena katika mashindano yale, akawa wa pili kwa pointi 14 na nusu. Réti mwenyewe alikuwa wa tano kwa pointi 10 na nusu, ingawa mchezo wake mwingine, aliomshinda Bogoljubov, ulipewa zawadi ya kwanza ya uzuri. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1927, Capablanca aliupoteza ubingwa kwa Alexander Alekhine huko Buenos Aires. Réti alifariki Prague mwaka 1929, umri wake miaka 40. Wote wamekwenda, mchezo umebaki, wasomao wausome.

KILIMA CHA UHUD

Hatuulinganishi mchezo na vita vya Mtume wetu (s.a.w.), baina yake pana umbali wa mbingu na ardhi. Lakini Mwislamu akiisoma habari ya ubavu na kati, hawezi kuacha kukikumbuka kilima cha Uhud.

Mwaka wa 3 wa Hijra Makureshi walikuja na watu wapatao 3,000. Waislamu, baada ya Abdallah bin Ubayy kurudi na wafuasi wake 300, walibaki kama 700. Mtume (s.a.w.) akapanga safu zake, kisha akawaweka wapigaji mishale 50 juu ya kilima kidogo kilichokuwa ubavuni mwa jeshi, akamfanya Abdallah bin Jubair kuwa mkuu wao. Akawausia kwamba wasikiondoke kilima kile kwa hali yoyote, wawaone wenzao wanashinda au wawaone wanashindwa, hata kama wataona ndege wanainyakua miili yao.

Mwanzo Waislamu walishinda. Makureshi wakakimbia, ngawira zikaonekana chini bondeni. Wale wa kilimani wakatazama kati, wakaona kuwa mambo yote yako kule na wao wamesahauliwa pembeni. Mkuu wao akawakumbusha amri ya Mtume. Wengi hawakumsikiliza, wakateremka. Akabaki yeye na wachache. Khalid bin Walid, ambaye siku ile alikuwa bado hajasilimu, alikuwa akikitazama kilima kile kwa jicho la mtu ajuaye vita. Akazunguka na wapanda farasi wake, akawaua waliobaki, akawatokea Waislamu kwa nyuma. Waliokufa mashahidi siku ile ni watu 70, akiwamo Hamza, ami yake Mtume. Na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Wale walioteremka hawakuwa makafiri wala waoga. Walikuwa Masahaba waliopenda kushiriki. Walichokosa ni kuelewa kwamba mahali pao pembeni ndipo palipoishika kati. Walipopaacha, kati ikaanguka, ingawa hapakuwa na mtu aliyewanyang'anya upinde hata mmoja.

NGAMIA WA MTUME

Na juu ya kushindwa kwa asiyeshindika, tuna mafunzo yetu pia. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye al-Adbaa, asiyepata kupitwa katika mbio. Akaja bedui mmoja amepanda ngamia kijana, akampita. Jambo hili likawaelemea Masahaba. Mtume alipoona nyuso zao akawafahamisha kuwa hapana kitu chochote cha dunia kinachoinuka ila Mwenyezi Mungu amejipasishia kukishusha.

Sisi husema aliye juu mngoje chini. Lakini mara nyingi twaisema methali hiyo kwa husuda, tukimwombea mtu aanguke. Mtume hakuisema kweli ile kwa kumfurahia mtu aliyeanguka, kwani ngamia aliyeshindwa alikuwa wake mwenyewe. Aliwafundisha watu wake wasiifunge mioyo yao kwenye ushindi wa dunia, hata ukiwa ushindi wao. Hivyo kijana anayefurahi kusikia kuwa bingwa ameangushwa, ajiulize kwanza: Je, na mimi nikiangushwa leo, nitarudi kwenye ubao kesho kama alivyorudi Capablanca?

MAJUMBANI MWETU

Ndugu zangu, zama hizi kila mtu ataka kuwa kati. Kijana akimaliza skuli ataka aonekane mwezi huo huo. Ataka jina kabla ya kazi, na nyumba kabla ya msingi wake. Akiwaona wenzake wamesimama mbele ya watu, naye amekaa akijifunza ufundi au akihudhuria darasa la fikihi msikitini baina ya magharibi na isha, hudhani kuwa yuko nyuma. Hajui kuwa huenda yeye yumo katika hatua ya sita au ya saba, na kati bado inamngoja.

Yafaa akumbuke habari ya Mwislamu mmoja wa Punjab, Mir Sultan Khan. Alikuwa katika nyumba ya mkubwa mmoja wa huko, Sir Umar Hayat Khan, akiucheza mchezo huu kwa kanuni za Kihindi. Alipofika Uingereza na kuzishika kanuni za kimataifa, akawa bingwa wa Uingereza mara tatu: 1929, 1932 na 1933. Na huko Hastings, mwishoni mwa mwaka 1930 na mwanzo wa 1931, alimshinda Capablanca huyu huyu. Kisha akarudi kwao akalima ardhi yake mpaka kufa kwake mwaka 1966. Cheo cha heshima cha mchezaji mkuu hakupewa na shirikisho la dunia la sataranji ila mwaka 2024, miaka 58 baada ya kuzikwa. Mchezo wake ulikuwa mkubwa miaka yote ile ambayo hapakuwa na cheo.

Nasi wazazi tuna ubavu wetu. Baba yupo ambaye hulipa ada ya skuli kwa wakati, hununua sare na vitabu, akaona kuwa amekwisha ishika kati ya malezi. Lakini hajapata hata usiku mmoja kukaa kumsikiliza mtoto wake akisoma Juzuu Amma. Mwengine humpeleka mtoto chuoni kwa mwalimu, akadhani kuwa mwalimu peke yake atamaliza kazi. Hivyo ni vitunda vilivyopelekwa mbele bila ya mlinzi. Siku ya shida, tutahesabu na kukuta kuwa kila kitu tulichokuwa nacho jirani zetu, nasi tulikuwa nacho: skuli ile ile, chuo kile kile, chakula kile kile. Tutastaajabu tumeshindwaje. Tumeshindwa kwa taabia.

Na yupo mama anayemwamsha mtoto alfajiri, kila siku, bila ya mtu kumwona wala kumshukuru. Na bibi mzee anayeketi kwenye kibaraza jioni, akijua kila mtoto wa mtaa amerudi saa ngapi na amefuatana na nani. Hawa hawahesabiwi katika mikutano yetu wala hawatajwi katika hotuba. Hao ndio watu wetu wa kilimani. Mara wao wenyewe, kwa kuchoka au kwa kuona kuwa kazi yao haina faida, huteremka. Na mara sisi ndio huwateremsha, kwa kuwaambia kuwa mambo ya maana yako kwengine. Khalid wa zama hizi, ambaye ni kila balaa linalowawinda watoto wetu, huwa anakitazama kilima.

Basi kila nyumba na ikae ijihesabu, si kwa kuuliza tuna nini tu, bali nani amesimama wapi, na je, ameusiwa asiondoke, na je, amewahi kuambiwa ahsante. Na kijana anayependa sataranji, akiisha kusali sala yake na kumaliza masomo yake, akiuweka ubao mbele yake bila ya kamari wala matusi, azipange tena zile hatua 31 za Réti na Capablanca. Azitazame polepole mpaka ya mwisho, kisha azihesabu kete mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama mahali walipowekwa, wakionekana au wasionekane, na ayalinde majumba yetu kutoka kila upande. Amin.

Wabillahi taufiki.